Rimu za Chuma Uwanjani kwa Mzee Ovila

"Chuma hakiingii uwanjani kwangu," mzee Ovila Maltais alisema, akakiweka kijiko mezani kabla supu ya maharage haijapoa.

Mwanawe Yvan aliendelea kukata mkate. Guylaine, mkewe Yvan, alimtupia mumewe jicho aone kama leo atasema neno au atameza tena. Mwenye shida alikuwa Maude, binti yao, ambaye alishika simu yenye picha ya rimu nne za chuma, nyeusi, zisizo na urembo wowote.

"Babu, ni rimu tu. Zitakaa kwenye theluji na matope mpaka majira yabadilike. Nani ataziona?"

"Mimi nitaziona."

"Wewe hata gari huendeshi."

"Macho si ninayo?"

Maude alikuwa amepata kazi ya kuwahudumia wazee majumbani, huko kwenye barabara za mashambani, Safu ya Nne na Safu ya Sita, ambako greda la theluji hupita likijisikia. Masharti ya kazi yalikuwa wazi: gari liwe lako, tairi za baridi ziwe zako, na katika miezi ya majaribio, siku mgonjwa akikungoja asubuhi usitokee, basi, kazi huna. Kiwanda cha alumini kilikuwa kimewafungia wafanyakazi geti tangu mwanzo wa vuli. Yvan na nusu ya mtaa walikuwa wakishinda nje ya geti hilo wakiota moto kwenye pipa, wakingoja wakubwa wa kampuni na wa chama cha wafanyakazi wamalize kununiana. Guylaine alikuwa na saa zake chache za kupika kwenye mkahawa wa shule. Kwa hiyo nyumba nzima sasa ilining'inia kwenye kazi ya Maude, na kazi ya Maude ilining'inia kwenye magurudumu manne.

Rimu zake za kiangazi zilikuwa za alumini, lakini moja ilipasuka kwenye shimo la barabara theluji ilipoyeyuka, ikachomelewa, na Yvan hakuiamini kwenye baridi. Zilihitajika nyingine. Za chuma zilikuwa nusu ya bei ya zile za alumini, au pungufu ya hapo.

"Mtaani hapa," mzee alisema, "hajawahi mtu kufunga chuma. Hata jirani Boily alipofilisika."

Hilo lilikuwa kweli. Mtaa wetu umejengwa na kiwanda. Ngazi zetu ni za alumini, madirisha ya alumini, mitumbwi ya alumini, na kengele ya kanisa ingekuwa ya alumini kama padri angekubali. Mzee Ovila aliimwaga alumini ya moto tangu hajaota ndevu mpaka mgongo ulipopinda. Kwake yeye, kuliona gari la mjukuu wake limesimama juu ya chuma ilikuwa sawa na kumwona mjukuu mwenyewe akienda kanisani na viatu vya kuazima.

Guylaine alishindwa kuvumilia. "Baba, alumini hiyohiyo ndiyo imetufungia geti. Imetutupa nje kwenye baridi, na bado unataka tuivae miguuni?"

"Alumini ndiyo imejenga ukuta unaouegemea, mama."

"Ukuta hauliwi."

"Za chuma zinapinda tu, hazipasuki," Yvan alisema hatimaye, macho yake kwenye mkate. "Akiingia shimoni huko Safu ya Sita, ya chuma naigonga nyundo inarudi. Ya alumini inapasuka, mtoto anabaki porini."

"Nani amekwambia?"

"Ile iliyopasuka ndiyo imeniambia."

Mzee alikichukua kijiko chake. Nyumba ilikuwa yake, yeye akikaa chini na wao juu, na hakuzoea kujibiwa na Yvan. Alikunywa supu yote, akashuka ngazi bila kuaga. Guylaine alimgusa mumewe begani. Alikuwa ameona fahari, ila hakutaka kuisema, asije akaiharibu.

* * *

Dukani muuzaji alikuwa mtu mwema mwenye sauti kubwa, na wema wake haukumsaidia mtu.

"Nne za chuma za Maltais!" alipaza sauti kuelekea stoo. "Umesikia? Za chuma! Maltais!"

Watu kwenye foleni waligeuka. Nyuma ya Yvan alisimama msimamizi mmoja wa kiwanda, mmoja wa wale waliokuwa wakipita getini kila asubuhi na gari lao lenye joto huku wenzao wakiota moto. Alikuja kuchukua rimu zake za alumini zenye spoki tano, zinazong'aa kama vikombe vya misa.

"Mambo magumu, ee Yvan?" alisema, kwa upole.

"Yanakwenda."

"Yatakwisha tu."

Yvan alilipa. Jibu zuri, lenye sumu ya kutosha, lilimjia alipokuwa nje ya duka anapakia, na hakukuwa na wa kumwambia isipokuwa rimu. Muuzaji alimkimbilia na mfuko mdogo wa plastiki. "Umesahau nati zako! Hizi zinakwenda na rimu." Yvan aliutupa ndani ya moja ya maboksi, akaondoka upesi, maana yule msimamizi naye alikuwa anatoka.

* * *

Jumamosi ya tairi, siku ya kufunga zile za baridi, mtaa mzima hukusanyika uwanjani kwa mzee Ovila, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wetu na uwanja wake uko sawa. Jeki hutoka, bia hutoka, na Guylaine huoka pai kubwa ya nyama na viazi. Wanaume hufunga magurudumu wakitukanana kwa mapenzi. Lakini hakuna gari linaloondoka kabla mzee hajapita na spana yake ya mpini mrefu, aliyojitengenezea mwenyewe kiwandani, akaivuta kila nati mara ya mwisho. Akimaliza huligonga boneti kwa kiganja. "Nenda." Hapo ndipo unaondoka.

Karatasi za dukani huandika kwamba ukishaendesha kilomita mia hivi, uzirudie nati kuzikaza. Kwetu hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Nati iliyokazwa na Ovila hairudiwi. Kuirudia ni kumwambia mzee amekwisha, na nani angekuwa na uso huo?

Mwaka huu mzee alisimama kwenye mlango wa banda, mikono mfukoni, hakai wala hasogei. Clermont Boily, jirani wa mkono wa kulia, alizitazama rimu nyeusi akapiga mluzi.

"Yvan, hizi umezinunua au umezing'oa kwenye jiko la marehemu mama yako?"

Watu walicheka. Yvan naye alicheka, kwa mdomo. Kisha aliitwa akanyanyue gari la mke wa Clermont, akaingia chini ya hilo gari, na wakati huo ndipo mambo yalipoharibika.

Maude alimwendea babu yake. "Babu, mimi hutanikazia?"

Alikuwa amevaa kofia ya sufu aliyofumiwa na bibi yake. Mzee alimtazama, akaona aibu ya kumnunia mtoto. Alilisogelea gari lake dogo. Clermont alikuwa amepachika magurudumu na kushika ule mfuko wa plastiki.

"Na hizi?"

"Nini hizo?"

"Nati. Zimekuja na rimu."

"Zimekuja na bili, sema hivyo." Mzee aliupokea mfuko akaupima kwa mkono. "Wezi hawa. Nati si tunazo? Tangu lini mtu akibadili shati akabadili na vifungo? Leta zile zake. Hizi nitazirudisha dukani, Guylaine apate hela ya maziwa."

Akautia mfuko katika mfuko wa koti.

Nati za zamani za gari lile zilikuwa za rimu za alumini: bapa mbele, zina shingo ya kuingia tunduni. Zile mpya zilikuwa zimechongoka kama ncha ya karoti, kwa kuwa tundu la rimu ya chuma limechongwa mshazari, na nati bapa hailikamati. Inakaza, inadanganya, halafu inalegea. Mtaa mwingine wowote wa mji wetu, mtu angesema. Mtaa wetu haukuwa umeshika rimu ya chuma miaka nenda miaka rudi, na Clermont, mwenye domo kuliko wote, alifunga zile bapa bila wasiwasi. Mzee akaja na spana yake. Akazivuta moja moja mpaka spana ikakataa kuzunguka, na kwake hiyo ilitosha.

Aligonga boneti. "Haya. Nenda na chuma chako."

Maude alimbusu shavuni.

* * *

Juma la kwanza la kazi lilipita salama. La pili, usukani ulianza kutetemeka. Maude alimpigia baba yake simu akiwa maegeshoni.

"Ni barafu imeganda ndani ya rimu," Yvan alisema. Alikuwa getini, upepo unamkata maneno. "Zipige mateke, itadondoka."

Alizipiga mateke. Barafu ilidondoka kweli, na usukani ukatulia kidogo, kwa hiyo wote wawili waliridhika.

Ijumaa alfajiri, katikati ya Safu ya Sita, gari lilianza kugonga. Tok, tok, chini ya mguu wake wa kushoto. Alipunguza mwendo. Mlio ukawa kishindo, usukani ukamponyoka, na gari likaserereka pembeni, pua yake ndani ya theluji. Maude alishuka. Gurudumu la mbele lilikuwa limelala upande kama mlevi aliyeegemezwa ukutani. Skrubu mbili za kushikia gurudumu zilikuwa zimekatika. Zilibaki nati mbili; moja aliizungusha kwa vidole vyake, na ikazunguka.

Simu haikushika mtandao. Baridi ilikuwa ile ya kugandisha kope. Alitembea, akarudi garini, akatembea tena, mpaka lori la maziwa lilipotokea. Dereva alimchukua bila kuuliza mengi na kumfikisha kwa mama Rose-Aimée wakati jua limeshatoka juu ya miti.

Mama Rose-Aimée hakuwa na uwezo wa kushuka kitandani peke yake. Jiko lilikuwa limezimika. Alipomwona Maude, aligeuza uso ukutani.

"Nilidhani mmenisahau," alisema. Kisha akasema, "Nimejikojolea, mwanangu. Nilijibana sana. Nisamehe."

"Usiseme hivyo, mama. Kosa ni langu. Ni mimi."

Alichemsha maji, akamwosha, akambadili shuka, mikono yake bado haijapata joto, na kila alipomgusa yule mama alishtuka na kuomba radhi kwa kushtuka. Maude alilia akiwa kwenye chumba cha kufulia, bomba limefunguliwa.

Msimamizi wake wa kazi alikuwa mwanamke aitwaye Josée, si mkali, ila amechoka. "Sitaki hadithi ya gari, Maude. Nina wazee wengi na watu wachache. Jumatatu asubuhi uwe mlangoni kwake. Usipokuwepo, niletee funguo za nyumba yake, nimpe mwingine."

* * *

Clermont alilivuta gari mpaka nyumbani kwa pikapu yake. Mtaa ulikuwa umeshasikia. Mzee Ovila alitoka na koti lake, akainama kabla ya wengine, akaliangalia gurudumu. Matundu ya rimu yalikuwa yameliwa. Alizifungua nati mbili zilizobaki, akazigeuza kiganjani. Nyuso zao bapa zilikuwa zimekwaruzwa, na shingo zilikuwa safi. Hazikuwahi kushika kitu.

Alitia mkono mfukoni kupata leso. Vidole vilikutana na mfuko wa plastiki. Alikuwa ameusahau humo tangu Jumamosi ile.

Mtu aliyeshughulika na vyuma maisha yake yote hahitaji kuelezwa mara mbili. Alielewa palepale.

"Mnaona sasa?" Clermont alikuwa akiwaambia majirani. "Si mzee alisema? Chuma! Chuma kinamwua mtoto!"

Wote walimgeukia Ovila. Walingoja ashangilie, kwa kuwa haki yake ilikuwa imethibitika mbele ya watu.

"Nilisema kisiingie uwanjani," alisema.

Neno lenyewe lilikuwa kweli. Alijificha nyuma yake. Akazitia nati mbili mfukoni pamoja na zile nyingine, akaingia ndani.

Mezani Yvan hakula. "Ni mimi. Alinipigia simu, nami nikamwambia apige mateke. Kulala chini nikaangalia kungenigharimu nini? Baba alisema, sikusikia. Nilitaka kujifanya mwanamume mbele ya supu."

"Baba, acha," Maude alisema.

"Ungekuwa unakwenda kasi je?"

"Sikuwa nakwenda kasi."

"Ungekuwa?"

Guylaine alikata maneno. "Kwa hiyo sasa tufanye nini?"

"Tununue za alumini. Zote nne. Sitamrudisha barabarani juu ya chuma."

"Kwa pesa gani? Kwa kucha zako?"

"Dollard anataka kukinunua kibanda changu cha uvuvi tangu mwaka juzi."

Kibanda hicho kilikuwa nyuma ya nyumba, chekundu, juu ya magongo yake ya kutelezea. Yvan alikijenga kwa mikono yake, jiko dogo ndani, benchi, na tundu sakafuni la kushushia ndoana. Kila barafu ya fyodi, ule mkono mrefu wa bahari unaoingia bara, inapokomaa hukivuta hadi katikati ya kijiji kile cha vibanda vya wavuvi, na akiwa humo huwa mtu mwingine, huimba. Tangu geti lifungwe, hiyo ndiyo furaha pekee aliyokuwa akiizungumzia.

"Yvan," Guylaine alisema polepole, "si kibanda."

"Kibanda ni mbao."

Mzee Ovila alikula chakula chake chote, akaipangusa sahani kwa mkate. Hakujua alichokula.

Jumamosi alipanda ngazi akasimama nyuma ya mlango wa jikoni. Ndani Yvan alikuwa akimtania Maude, kwamba rimu mpya zitang'aa hata mama Rose-Aimée azitumie kama kioo, na Maude akijitahidi kucheka. Mzee alikuwa amelishika neno mdomoni. Akashuka nalo.

* * *

Dollard alikuja Jumapili baada ya misa na pikapu na tela. Alikuwa mnene, mcheshi, na hakuwa mtu mbaya, ila alijua kununua. Alikizunguka kibanda, akaingia, akabonyeza sakafu kwa buti.

"Hapa pameoza, rafiki yangu."

"Hapajaoza. Ni unyevu."

"Unyevu ni mama wa kuoza. Punguza kidogo."

Majirani walikuwa wametoka, kila mmoja na koleo lake, wakijifanya wanasafisha theluji. Yvan alipunguza. Dollard alimpa bahasha, na Yvan akaitia mfukoni bila kuifungua. Wakakisukuma kibanda kwenye tela, wakakifunga kamba. Jiko dogo liligongana ndani, na Yvan akasema, "Bomba lake likamate vizuri, huwa linachomoka," kisha akaiachia kamba, maana halikuwa lake tena.

Mlango wa chini ulifunguka. Mzee Ovila alitoka na ndara za ndani, kichwa wazi, ndani ya theluji. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki na zile nati mbili bapa.

"Yvan."

"Baba, rudi ndani, utaanguka."

"Yvan. Hizi ndizo nati za rimu zile."

"Nati gani?"

"Zilikuja na rimu. Clermont alitaka kuzifunga, nikakataa. Nilizitia mfukoni."

Clermont alianza kusukuma theluji iliyokwisha kusukumwa.

Yvan aliupokea mfuko. Alichukua nati moja, akaenda kwenye moja ya yale magurudumu mazima ya chuma, lililokuwa limeng'olewa na kuegemezwa ukutani, akaitia tunduni. Ilizama ikatulia, kama iliyozaliwa humo. Akaitoa, akachukua mkononi mwa baba yake moja ya zile bapa, akaijaribu. Ilicheza. Aliitikisa kwa kidole mara kadhaa, na ikaendelea kucheza.

"Chuma hakina kosa," mzee alisema, sauti juu, ili hata wenye makoleo wasikie. "Mtoto hana kosa. Wewe huna kosa. Ni mimi."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Ijumaa."

Guylaine alikuwa ametoka hadi ngazini. Aliziba mdomo kwa kiganja. Dollard, aliyekuwa ameshapanda pikapu, alichungulia dirishani akiwa hana raha.

"Jamani, msinichanganye. Mimi nimeshalipa. Kama mnataka kuvunja biashara semeni, lakini petroli yangu mtanirudishia."

Yvan alikitazama kibanda. Bahasha mfukoni ingelipa umeme na deni la mafuta ya joto, na geti lilikuwa bado limefungwa, na chuma sasa kilikuwa kizuri. Hesabu hiyo haikumchukua muda. Aliliendea tela, akaugonga ubao mwekundu wa kibanda kwa kiganja.

"Nenda," alimwambia Dollard.

Tela lilipokwisha kukata kona, alimgeukia baba yake. Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angepaza.

"Ungesema jana, baba."

Akaingia ndani. Mzee alibaki uwanjani na ndara zake zimejaa theluji, na majirani mmoja mmoja wakakumbuka kwamba wana viwanja vyao vya kusafisha.

* * *

Rimu moja ilikuwa imeharibika matundu. Mzee hakumwomba mtu amsaidie. Mchana huohuo aliutoa bandani mkokoteni wa kutelezea kwenye theluji ambao Maude aliuchezea utotoni, akalifunga lile gurudumu juu yake, akauvuta kwa kamba hadi dukani, akipumzika kwenye kila nguzo. Yule muuzaji mwenye sauti kubwa alimkumbatia.

"Mzee Ovila! Leo tukupe nini?"

"Rimu moja. Ya chuma."

"Ya nini?"

"Ya chuma," mzee alisema tena, na safari hii watu waligeuka. "Na tairi hii uihamishie humo. Nitangoja."

Alirudi nayo mtaani jioni hiyo, mchana wa kwetu mfupi umekwisha, akivuta gurudumu jeusi katikati ya barabara. Mapazia yalisogea. Clermont alitoka akashika kamba, na mzee akamwachia nusu yake. Clermont huyohuyo ndiye aliyebadili zile skrubu zilizokatika, usiku haujaingia sana, akinung'unika kwamba na yeye angesoma maandishi kwenye mfuko asingepungukiwa kitu.

Yvan alifunga nati zilizochongoka, zote, kwa spana yake mwenyewe. Mzee alisimama kando ameikumbatia ile ya mpini mrefu. Hakuitwa. Gari lilipomalizika hakuna aliyeligonga boneti.

Jumatatu Maude alipofungua mlango wa gari, babu yake alikuwa amekaa kiti cha mbele, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, spana magotini.

"Babu! Unakwenda wapi?"

"Nati zinatakiwa kurudiwa."

"Baba atazirudia jioni."

"Jioni ni jioni. Ukifika huko kwa mama Rose-Aimée nitazirudia. Ukitoka hapo kwenda kwa mwingine nitazirudia."

"Utaganda siku nzima."

"Nina koti."

Maude alifikiri kumshusha. Alimwangalia mikono, ilivyoishika spana kwa nguvu kama mtoto anayeogopa kunyang'anywa, na hasira yake, ambayo ilikuwapo, alishindwa kuitumia. Aliwasha gari. Juu dirishani Yvan alisimama na kikombe cha kahawa, akawatazama wakitoka. Hakupunga mkono, lakini hakuondoka dirishani mpaka taa za nyuma zilipopotea.

Safu ya Sita ilikuwa imepitiwa na greda. Walifika kabla ya muda. Maude aliwasha jiko, akamwinua mama Rose-Aimée, akamfikisha chooni kwa wakati wake na kumrudisha kwenye kiti cha dirishani. Alikuwa akimvisha soksi pale mama yule alipolisogeza pazia.

"Nani yule amepiga magoti kwenye theluji kando ya gari lako?"

"Babu yangu."

"Maskini. Amedondosha kitu?"

Maude alivuta soksi ikafika gotini, akailaza vizuri.

"Hapana, mama," alisema. "Anarudia nati."